Matao ya Utah na nguzo za Isimila

Kwa mtu aliyekulia Iringa kama mimi, maisha ya Utah, Marekani, yana faraja moja kubwa: mawe. Hifadhi ya Taifa ya Arches, iliyo jirani na mji wa Moab, ina matao ya asili zaidi ya 2,000 yaliyochongwa na maji na barafu katika mwamba mwekundu wa mchanga. Eneo hilo lilianza kulindwa mwaka 1929, na mwaka 1971 likawa hifadhi ya taifa.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi kiko chini ya miguu. Pembeni mwa njia, ardhi imefunikwa na ukoko mweusi wenye vinundu, ambao asiyeelezwa angeudhani udongo wa kawaida, kumbe ni bakteria na viumbe wengine wadogo wanaoshikanisha mchanga usipeperushwe na upepo na kuutunzia unyevu unaotegemewa na mimea ya jangwani. Unyayo mmoja huuvunja, na kupona kwake huweza kuchukua miongo ya miaka. Ndiyo maana wageni, watoto kwa wazee, huombwa wapite kwenye njia iliyowekwa au juu ya mwamba mtupu. Vivyo hivyo, bapa kubwa la jiwe lilipoanguka mwaka 1991 kutoka Landscape Arch, tao lenye upana wa karibu mita 90, njia iliyopita chini yake ilifungwa, na hadi leo watu hulitazama kwa mbali.

Isimila yetu, eneo la mambo ya kale karibu na mji wa Iringa, ina nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko, na zaidi ya hapo ina zana za mawe za binadamu wa kale, kongwe mno kuliko zozote zilizoachwa kwenye matao ya Moab. Tena kwetu mgeni hushuka korongoni na mwongozaji anayemweleza na kumjibu kwa Kiswahili, ilhali Arches nimejifunza mengi kwa kusoma vibao. Kwa hili sisi tumewazidi, nami nalisema kwa fahari.

Ninachowaomba wanaosimamia mambo ya kale ni kuweka njia yenye mipaka katikati ya nguzo zile, na kumtaka mwongozaji, kabla hajataja shoka la kwanza la mawe, awaeleze wageni, hasa wanafunzi wetu, mahali pa kukanyaga na sababu yake.