Usimwulize Jirani Kama Unastahili

Kanisani kwetu hapa Marekani, ibada ikiisha, swali ninaloulizwa sana si la Biblia. Ni hili: "Ndugu, ile shule ya kazi inayolipiwa na serikali, na mimi naweza kuipata?" Kabla sijafungua mdomo, pembeni keshatokea wa kujibu. Huwezi, bado huna kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Huwezi, mumeo ana kazi. Huwezi, Kiingereza chako ni cha kuombea maji. Basi mtu anarudi nyumbani amekataliwa, na aliyemkataa hata ofisi yenyewe hajui iko mtaa gani.

Nami niliwahi kukataliwa hivyohivyo. Nilifika Marekani nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na kwa miaka mitatu nikakata kuku kiwandani zamu ya usiku, nikiamini kuwa mafunzo hayo ni ya wenyeji. Aliyeniambia alikuwa mtu mwema kabisa. Ndiye aliyenifundisha kupanda basi.

Sheria inayotoa fedha za mafunzo haya ya kazi inaitwa WIOA, na Rais Obama aliitia saini mwaka 2014. Fedha hutoka serikali kuu, hupitia jimboni, kisha hufika kwenye bodi za wilaya na miji. Ndiyo maana ofisi hazina jina moja: Kentucky utaona Kentucky Career Center, Texas ni Workforce Solutions, Michigan ni Michigan Works!. Ukimpigia binamu aliye Dallas akuelekeze, atakutajia jina ambalo kwenu halipo, nawe utadhani huduma yenyewe haipo.

Kwa mtu mzima masharti ya mlangoni ni machache: uwe umetimiza miaka 18, uwe na ruhusa ya kufanya kazi nchini, na kama ni mwanamume, uwe umetimiza wajibu wa Selective Service, ile orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Kadi ya kijani haimo. Mkimbizi ana ruhusa ya kazi tangu siku anayoshuka kwenye ndege, na karatasi yake ya kuingilia nchini, I-94, inalisema hilo.

Hiyo Selective Service imewakwamisha wengi. Mwanamume aliyefika akiwa na miaka 18 hadi 25 alitakiwa kujiandikisha. Aliyefika akiwa ametimiza 26 haimhusu, ila ajiandae kuonyesha tarehe aliyoingia nchini. Sasa, ukipekua hati zetu utadhani mama zetu wote walijifungua tarehe 1 Januari. Tarehe ile iliyoandikwa harakaharaka mezani kambini ndiyo inayohesabiwa hapa. Ile anayoikumbuka mama yako, ya msimu wa mahindi, haimo kwenye faili.

Tuje kwenye kipato, maana hapo ndipo uongo mwingi ulipo. Kwa watu wazima, kipato hakifungi mlango, kinapanga foleni. Wanaopokea msaada wa serikali, kama ile SNAP ya chakula, na wenye kipato cha chini hutangulizwa. Aliyepoteza kazi kwa kiwanda kufungwa au kupunguza watu ana fungu lake jingine, na huko kipato cha nyumbani si sharti. Kwa hiyo ile barua ya kupunguzwa kazini usiitupe kwa hasira. Ni mali.

Na katika wanaotangulizwa, sheria inawataja pia wasio na stadi za msingi, wakiwemo wasiojua Kiingereza vizuri. Nilipolielewa hilo nilicheka, kisha nikakasirika. Yaani sheria inamwita mbele mtu asiyejua Kiingereza, halafu inamwita kwa Kiingereza! Tovuti ni Kiingereza, fomu ni Kiingereza, semina ya kwanza ya kueleza utaratibu ni Kiingereza cha mwendo kasi. Sitaki kuambiwa kuwa hiyo ni bahati mbaya. Ofisi inayosubiri mtu aseme lugha asiyoijua ndipo imsaidie kwa kuwa haijui, imeshachagua wa kumsaidia.

Dada mmoja wa kanisani, aliyewahi kusaidia akina mama wanaojifungua kwenye zahanati ya kambini, alikwenda ofisi moja kuulizia kozi ya kuhudumia wagonjwa, ile ya CNA. Mapokezi wakamwelekeza kwenye kompyuta. Akakaa mbele yake saa nzima, akaaga kwa adabu, akaondoka. Tuliporudi naye ofisini nikatamka neno moja tu: mkalimani. Simu ikachukuliwa, na dakika chache baadaye tukamsikia Mswahili akisema, "Habari za asubuhi, mama." Mkalimani alikuwepo siku zote. Hakuna aliyemtaja.

Kisha akapewa mtihani wa kusoma na hesabu. Akapata alama za chini, akalia ndani ya gari langu. Nikamweleza kwamba alama zile hazikumfukuza, ndizo zilizomsogeza mbele kwenye foleni. Chuo chenyewe kinaweza kumtaka aongeze Kiingereza kwanza, na madarasa hayo nayo yana fungu ndani ya sheria hiyohiyo. Ni safari ndefu kuliko tulivyotamani.

Kwa anayetaka kujaribu, onyo langu kubwa ni hili: usilipe kwanza ukitumaini kurudishiwa. Fedha hulipwa moja kwa moja kwa chuo, na lazima kiwe kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na jimbo. Jamaa yangu alijisajili kwa fedha zake, kisha akaenda kuomba. Jibu alishapewa na risiti yake: ameshalipa mwenyewe, harudishiwi.

Vijana wanaotamani malori nao wasikimbilie usukani. Kustahili mafunzo ni jambo moja, kupata leseni ni jingine. Tangu mwaka 2025 serikali kuu imekuwa ikibana leseni za malori kwa wasio raia wala wenye kadi ya kijani, na maofisa barabarani wanaweza kumsimamisha kazi papo hapo dereva asiyemudu Kiingereza. Uliza hati yako inaruhusu nini kabla hujapoteza wiki darasani.

Faili la yule dada linangoja karatasi moja, ile barua ya SNAP inayoonyesha kuwa amepokea msaada ndani ya miezi sita iliyopita. Imepatikana juzi, chini ya godoro la mtoto. Jumanne tunarudi ofisini. Ameniomba nimsindikize, lakini nikae kimya. Neno la mkalimani ameshalikariri, atalitamka mwenyewe.