Mfupa Unaota Upya, Gegedu Bado

Matangazo ya kliniki za viungo siku hizi yanaahidi kuotesha upya mfupa na gegedu, yaani lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, vyote viwili kwa pumzi moja. Si kwamba yote ni uongo. Nusu yake ni kweli tupu, na ndiyo maana nusu ya pili inapita bila kuulizwa. Sifa ambazo mfupa umezipata kwa haki zinahamishiwa kwa gegedu kimyakimya, na mwenye goti lililosagika anaondoka akiamini kwamba sindano tatu zitamrudishia goti la ujana. Mimi goti langu la kushoto limesagika, kwa hiyo matangazo haya nayasoma kwa makini kuliko ninavyosoma mengine.

Tuanze na mfupa. Ukivunjika, damu inavilia pale pale palipovunjika, na lile donge la damu ndilo linaloita seli za ukarabati. Baada ya wiki chache pande mbili zinashikwa na tishu laini, kisha tishu hiyo inakuwa ngumu na kugeuka mfupa. Kazi haiishii hapo. Kwa miezi, na hata miaka, mfupa unajichonga upya kufuata uzito unaobebeshwa, jambo ambalo Mjerumani Julius Wolff aliliandikia kitabu mwaka 1892. Ngozi ikipona huacha kovu. Mfupa ukipona vizuri, hasa wa mtoto, miaka ikipita picha ya eksirei inaweza isioneshe ulivunjikia wapi.

Lakini ipo mifupa inayogoma kuunga. Makadirio ya kawaida ni kati ya 5 na 10 katika kila 100 iliyovunjika. Huenda jeraha limeingia vijidudu, mgonjwa anavuta sigara, ana kisukari, au kipande kizima cha mfupa kimepotea kwenye ajali. Hapo ndipo panapohitajika tiba ya kuotesha upya hasa, na iliyo bora kati ya hizo haipendezi kwenye tangazo hata kidogo.

Gavriil Ilizarov alikuwa daktari katika mji wa Kurgan, Siberia. Kuanzia miaka ya 1950 alikuwa akizungushia mguu pete za chuma zilizoshikwa na nyaya nyembamba zinazopenya mpaka kwenye mfupa. Mfupa unakatwa kwa uangalifu, unaachwa kama wiki moja, kisha unaanza kuvutwa milimita 1 kwa siku. Tena si kwa mkupuo: robo milimita, mara nne kwa siku. Mgonjwa anapewa spana ndogo, anakwenda nyumbani na kukaza nati mwenyewe asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Katika uwazi unaoachwa na pande mbili zinazotengana, mfupa mpya unaota. Mfupa halisi, wenye damu na uboho wake. Pengo la sentimita 6 linataka siku 60 za kuvuta, na muda mrefu zaidi ya huo wa kusubiri mfupa mpya ukomae kabla pete hazijatolewa. Matundu ya nyaya hushika usaha, usingizi unakuwa wa shida, na suruali za kawaida hazivaliki.

Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliumia vibaya mguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1965. Alipasuliwa mara nyingi na mfupa haukuunga, hadi alipofika kwa Ilizarov. Alirudi kuruka, ingawa si kwa kimo chake cha zamani. Nikiulizwa tiba ya kuotesha upya ni ipi, ninamtaja huyo kabla ya seli za aina yoyote.

Mfaransa Alain-Charles Masquelet alipita njia nyingine katika miaka ya 1980. Penye pengo aliweka saruji ya mifupa. Mwili, kama kawaida yake, ukaizungushia utando. Baada ya wiki 6 hadi 8 daktari anafungua tena, anaitoa saruji, na ule utando anauacha. Anaujaza chembe za mfupa zilizochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kisha anaushona. Utando huo una mishipa ya damu na unatoa kemikali za kuhimiza mfupa uote.

Hata dawa ya kuotesha mfupa ipo. Mwaka 1965 Mmarekani Marshall Urist alionesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa kwenye msuli, unafanya mfupa mpya uote mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana protini iitwayo BMP, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu aina mojawapo itumike kuunganisha mifupa ya uti wa mgongo. Ikatumiwa kuliko ilivyoruhusiwa. Mwaka 2008 FDA ilitoa onyo: waliowekewa shingoni, wengine walivimba kiasi cha kushindwa kupumua. Mwaka 2011 jarida la madaktari wa uti wa mgongo lilichapisha uchambuzi ulioonesha kwamba tafiti za mwanzo, zilizofadhiliwa na watengenezaji, zilikuwa zimeripoti madhara machache sana kuliko yaliyokuwepo. Na hiyo ni dawa inayofanya kazi kweli.

Sasa gegedu. Mwaka 1743 William Hunter aliwaeleza wanasayansi wa London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 300 imepita na bado hatujamtia aibu. Gegedu la goti ni tabaka la milimita chache tu, laini na lenye utelezi, na halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake ni chache na kila moja imefungiwa mahali pake. Ukumbuke mfupa ulivyoanza kupona: kwa donge la damu. Pasipo na damu hakuna donge, na seli za ukarabati hazina njia ya kupitia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote kuhusu hili umetokana na mabomu ya nyuklia. Majaribio ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni yenye mnururisho, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na kwenye miili ya kila aliyekuwa hai. Tishu iliyojengwa miaka hiyo imebeba alama hiyo, na tishu inayojijenga upya inaipoteza polepole. Watafiti wa Denmark walipima gegedu za magoti ya watu wa umri mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kolajeni, yaani nyuzi zinazolishikilia gegedu, ilikuwa ile ile iliyotengenezwa mtu alipokuwa akikua. Mtu mzima habadilishi nyuzi hizo, awe mzima wa goti au mgonjwa. Ulizomaliza nazo ujana ndizo utakazozeeka nazo.

Haina maana kwamba madaktari wamekaa mikono kifuani. Mmarekani Richard Steadman alieneza mbinu ya kutoboa vitundu kwenye mfupa chini ya gegedu lililong'oka, ili damu na uboho vipenye hadi juu na kulijaza pengo. Vinajaza kweli, lakini kwa tishu ya kovu ambayo kwa wengi huanza kushindwa ndani ya miaka michache. Kule Göteborg, Sweden, Mats Brittberg na Lars Peterson walifanya kazi nzuri zaidi, waliyoichapisha mwaka 1994: walichukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa, wakazikuza seli zake maabara, kisha wakazirudisha kwenye goti lake. Wagonjwa wa ripoti hiyo walikuwa 23. Mbinu hiyo ipo hadi leo, na seli zikiwa zimepandwa juu ya utando wa kolajeni iliruhusiwa na FDA mwishoni mwa mwaka 2016.

Hapa ndipo panaponipandisha hasira. Tiba hiyo ni ya shimo lenye kingo, kwenye goti ambalo kwingine ni zima, mara nyingi la kijana aliyeumia mchezoni. Kuziba shimo moja barabarani ni kazi tofauti kabisa na kuirudisha barabara iliyosombwa yote na mvua, na wengi wanaokwenda kwenye zile kliniki wana goti la aina ya pili. Wanaoneshwa mafanikio ya shimo, wanachomwa sindano ya goti lililosagika.

Sindano maarufu kuliko zote ni ya plazima, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Unatolewa damu mkononi, kichupa kinazungushwa kwenye mashine kwa dakika kadhaa, nyekundu inazama chini na juu unabaki umajimaji wa manjano. Huo ndio unaochomwa gotini. Kwa macho inavutia, maana ni damu yako mwenyewe. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la Australia lenye watu 288: nusu walichomwa plazima hiyo, nusu maji ya chumvi, na hawakujua nani kapata nini. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana, na gegedu liliendelea kupungua kwa kasi ile ile. Zipo tafiti nyingine zinazoitetea sindano hiyo kwa upande wa maumivu, na sitagombana na daktari anayeitumia kwa lengo hilo akisema wazi. Ila kuotesha gegedu? Hapana. Kwa hiyo shangazi anayetuma ujumbe kwamba alichomwa na sasa anapanda ngazi hadanganyi. Waliochomwa maji ya chumvi nao walipata nafuu.

Seli shina, yaani seli changa zinazosifiwa kwamba zinaweza kugeuka kuwa tishu za aina nyingine, nazo zina hadithi hiyo hiyo. Arnold Caplan, aliyezipa umaarufu mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 kwamba kazi kubwa ya seli hizo mwilini ni kutoa kemikali zinazoamsha seli nyingine, si kugeuka kuwa tishu mpya. Mwaka 2023 jaribio kubwa la Marekani lililinganisha aina tatu za seli, za uboho, za mafuta na za kiungamwana (kamba ya kitovu cha mtoto mchanga), na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Mwaka mmoja baadaye hakuna hata aina moja iliyoishinda steroidi. Na mwaka 2018 watu 12 katika majimbo matatu ya nchi hiyo walilazwa hospitali baada ya kuchomwa bidhaa ya damu ya kiungamwana, kwa sababu ilikuwa imeingia bakteria.

Pembeni kidogo: wengi wetu tumeambiwa goti linauma kwa sababu ute umeisha. Goti lililosagika mara nyingi huwa limejaa maji kupita kiasi, ndiyo maana linavimba.

Je, hakuna matumaini? Yapo, na yana kipimo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya dawa iitwayo sprifermin, inayochochea seli za gegedu. Kwa kipimo cha juu, baada ya miaka miwili, gegedu lilikuwa limenenepa kuliko la wasioipata kwa milimita 0.05. Ni kidogo mno, lakini mwelekeo ulikuwa wa kupanda. Maumivu hayakuwa na tofauti, na hilo halishangazi sana, kwa kuwa gegedu lenyewe halina neva. Kinachouma ni mfupa wa chini yake na utando wa kiungo. Tunaweza kufika siku ya kulirudisha gegedu tukakuta mgonjwa bado anachechemea.

Goti langu kwa sasa linapewa mazoezi ya misuli ya paja na mwili mwepesi zaidi. Utafiti wa wazee wenye uzito mkubwa ulionesha kwamba kila kilo moja inayopungua inaliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua, na sijaona sindano yenye hesabu kama hiyo. Likishindikana kabisa, goti bandia lipo, na sioni haya kulitaja. Seli nitazikubali ndani ya jaribio lililosajiliwa, lenye kundi la kulinganisha na lisilonitoza hata senti. Wakiniita leo nitakwenda, nitawapa la kushoto. La kulia bado linanibeba.