Mbao au Faiba: Hesabu ya Chombo cha Uvuvi Huanzia Kwenye Mafuta

Kila upepo wa kusi unapoanza kupoa na wavuvi wa Kunduchi, Msasani na Kigamboni jijini Dar es Salaam wanapoanza kujiandaa kwa kaskazi, huzuka swali lile lile: mtu mwenye fedha za wastani, yaani anayeweza kununua chombo kimoja na mashine moja lakini hana uwezo wa kununua tena akikosea, achukue chombo cha mbao au cha faiba? Safari hii swali hilo limeingia nyumbani kwangu. Wapwa zangu wawili, mmoja mvuvi wa mshipi tangu ujana wake na mwingine mchuuzi wa samaki pale Feri, soko kubwa la samaki la jiji, wameunganisha akiba zao na kunitaka mimi mjomba wao niseme neno kabla hawajatoa hata shilingi. Yule wa mshipi anataka mashua ya mbao. Yule wa Feri anataka boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Nimewasikiliza kwa makini, na kila mmoja ana hoja nzito, ila naona wote wawili wameanzia mwisho wa hesabu badala ya mwanzo wake.

Hoja ya mbao ni ya kweli na haifai kubezwa kama mazoea ya wazee. Mashua ya mbao hujengwa na kutengenezwa hapa hapa ufukweni, na ubao mmoja ukioza hung'olewa ukawekwa mwingine bila kukigusa chombo kizima. Fundi akiwa na tezo, keekee, pamba ya kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao na mbao, na mafuta yake, kazi inakwenda hata pasipo umeme. Chombo cha mbao ni kizito, na uzito huo, ambao wengi huuhesabu kuwa kasoro, ndio unaokifanya kitulie pale mvuvi wa mshipi anapotia nanga juu ya mwamba na kuvua changu kwa saa nyingi. Tena kinabeba tanga. Mashine ikizima katikati ya mkondo wa maji, mwenye tanga ana njia ya kurudi nyumbani, na kaskazi ikivuma sawasawa anaweza kwenda na kurudi kwa mafuta kidogo sana.

Lakini mbao ina madai yake, nayo haisamehi. Wapo minyoo wa baharini wanaotoboa ubao kwa ndani, huku uso wa nje ukibaki mzima kiasi cha kumdanganya mmiliki asiyekagua. Ndiyo maana chombo hupandishwa pwani mara kwa mara, kikaegeshwa ubavu, kikachomwa kwa moto wa makuti, kikakalafatiwa upya na kupakwa. Siku zote hizo chombo hakivui, na mabaharia wanahitaji kula. Juu ya hayo, mbao nzuri zenyewe zinazidi kuwa adimu. Mvule na mitondoo iliyokuwa ikikatwa karibu sasa hutoka mbali na kwa vibali, na mikoko ambayo zamani ilitoa mataruma, yaani mbavu za chombo, imo katika misitu inayolindwa kisheria. Fundi asiyepata mbao ngumu hutumia alizonazo, kisha rangi hufunika kila kitu, na mnunuzi analipa bei ya mvule kwa chombo ambacho hakikujengwa kwa mvule.

Faiba nayo imekuja na majibu ya mambo mengi kati ya hayo. Haiozi kama mbao, wala minyoo haiitoboi. Haihitaji kukalafatiwa, na chombo cha urefu ule ule huwa chepesi zaidi, hivyo watu wachache wanaweza kukisukuma mchangani. Ni rahisi pia kuwekewa sanduku la barafu linalosafishika, jambo ambalo mpwa wangu wa Feri hachoki kulitaja, na ana haki, kwa maana samaki aliyelegea mnadani hupoteza thamani mbele ya macho ya mwenyewe. Serikali nayo imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na hatua hiyo imewafanya wengi waamini kwamba suala la mbao limekwisha. Mimi sioni kama limekwisha. Boti ya mkopo hulipwa kwa siku za kuvua, na pwani hii ina miezi ya kusi kali ambayo chombo kidogo, kiwe cha mbao au cha faiba, hulala pwani siku nyingi, ilhali tarehe ya rejesho hailali.

Faiba ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji. Mbao hata ikijaa maji hukawia kuzama, kwa kuwa yenyewe inaelea. Faiba ni nzito kuliko maji, na boti isiyo na vyumba vilivyozibwa au vilivyojazwa povu chini ya sakafu huenda chini ikishajaa. Pili, ubao wa nyuma unaofungiwa mashine, katika boti nyingi, ni mbao iliyofunikwa kwa faiba. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, mbao ile huoza ndani kwa ndani bila dalili yoyote nje. Ndugu yetu mmoja alinunua boti ya faiba iliyotumika, ikiwa imepakwa rangi safi ya buluu, na mwezi wa tatu baada ya kuinunua mashine ilianza kuinama na kuyumba kila alipoongeza mwendo. Ubao wa nyuma ulipofunguliwa, ndani mlitoka unga mweusi uliolowa. Hakuibiwa na mtu. Alinunua bila kugonga, na gharama ya kukata nyuma yote na kuijenga upya ilimeza faida ya msimu mzima.

Kwa hiyo kila upande una uzuri na hatari zake, na kama mizani ingekuwa na vitu hivyo peke yake, ningesema kila mtu achague kinachomridhi. Mizani hii, hata hivyo, ina jiwe moja zito kuliko yote, nalo ni mafuta. Chombo hununuliwa mara moja. Mafuta hununuliwa kila alfajiri. Mwenye fedha za wastani hafilisiki siku anayonunua chombo, bali hufilisika taratibu, safari baada ya safari, kwa sababu ya mashine isiyolingana na chombo alichokipenda.

Hebu tuifanye hesabu yenyewe. Mashine ya petroli ya nguvu za farasi 15, ya aina ya zamani inayochanganywa mafuta na oili, ikiendeshwa kwa nguvu zote hula takribani lita 6 hadi 7 kwa saa. Ya farasi 40 ya aina hiyo hiyo hula takribani lita 18. Tuseme mvuvi ana mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi akiwa na mashine ya 15: atatumia kama lita 26, na kwa siku 22 za mwezi ni lita 572. Akiwa na boti nyepesi ya faiba na mashine ya 40, mwendo ukaongezeka mara mbili, atatumia saa mbili tu kwa jumla, yaani lita 36, na kwa mwezi lita 792. Tofauti ni lita 220 kila mwezi, na hapo nimeihesabia boti hiyo hali yake bora kabisa, ikiwa haijalemewa na nyavu, barafu na watu. Bei ya lita hizo haimo mikononi mwake, kwa sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mvuvi huipokea kama anavyopokea upepo.

Hasara kubwa zaidi humpata anayechukua mashine ya 40 na kuifunga kwenye mashua nzito ya mbao akitumaini itaruka. Haitaruka. Chombo kinachokata maji, badala ya kupanda juu ya maji, hunaswa na wimbi ambalo mwendo wake wenyewe unalizalisha; kikifika kikomo chake, nguvu zaidi humwaga mafuta na kuinua omo, yaani sehemu ya mbele, lakini njia haipungui. Kwa mashua ambayo urefu wake kwenye maji ni mita 7, kikomo hicho ni kama maili 6 na nusu za bahari kwa saa, na mashine ya 15 iliyotunzwa vizuri hukikaribia. Anayeifunga ya 40 huokoa pengine nusu saa katika safari nzima ya saa nne, na kwa nusu saa hiyo hulipa mafuta zaidi ya mara mbili. Nimeliona kosa hili likifanywa na watu makini, kwa sababu macho ya watu pwani huitazama mashine kwanza, na ukubwa wake umekuwa heshima.

Mafuta yana jambo jingine ambalo waandishi wa miradi huliacha. Katika mgawo wa pwani yetu, gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kwa mafungu kati ya chombo, mashine, zana na mabaharia. Mashine inayokula sana hula fungu la kila mtu kabla mgawo haujaanza. Nahodha mzuri akiona majuma mawili anarudi nyumbani na fungu dogo huku samaki wamepatikana, hatagombana na tajiri wake, yaani mwenye chombo. Atahamia chombo kingine. Chombo kisicho na nahodha mzuri ni mali iliyolala, hata kama ni kipya.

Je, mpwa wangu wa Feri amekosea kutaka mwendo? Hapana, si kwa kila uvuvi. Anayewinda nguru na jodari upande wa kisiwa cha Latham, ambacho wengi hukiita Fungu Mbaraka, zaidi ya kilomita 60 kutoka jijini, anahitaji mwendo, barafu na chombo kinachoweza kuikimbia hali ya hewa, na samaki hao wana bei inayoweza kuubeba mzigo wa mafuta. Lakini uvuvi huo ukifanywa kwa usalama unahitaji mashine ya akiba, vifaa vya mawasiliano na majaketi ya kuokolea ya watu wote, na hapo tumeshatoka kwenye fedha za wastani. Kwa anayevua karibu, kwenye miamba iliyo nje ya Bongoyo na Mbudya (si ndani ya mipaka ya visiwa hivyo, ambavyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975), haraka hiyo hainunui kitu. Nao wanaovua dagaa usiku kwa taa hufuata giza la mwezi na hupumzika mbalamwezi ikiwaka. Siku zao za kazi ni chache zaidi, na chombo chao sharti kiwe kipana cha kubeba nyavu, wala si chepesi cha kukimbia.

Uamuzi wangu, basi, ni kwamba mtu aanze na mashine anayoweza kuilisha, kisha atafute umbo la chombo linaloendeshwa vizuri na mashine hiyo, na jambo la mbao au faiba lije la tatu. Kwa wapwa zangu, kwa uvuvi wa mshipi na wa nyavu za karibu, hiyo ni mashine ya 15 na chombo chembamba chembamba cha mita 7 hivi, chenye nafasi ya mlingoti. Umbo hilo likipatikana kwa faiba, ikiwa na vyumba vya kuelea, ningelichagua hilo, kwa sababu ya uhaba wa mbao na siku zinazopotea katika kukalafati. Lisipopatikana, na faiba iliyoko sokoni ikawa ni ile bapa na pana iliyoundwa kwa mashine kubwa, nitasimama na mpwa wa mshipi na mashua yake ya mbao bila kusita. Fedha ningezigawa mafungu matano: mawili kwa chombo, mawili kwa mashine, na la tano lisiguswe ila kwa zana, usajili na ukaguzi wa chombo TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, leseni ya uvuvi ya halmashauri, na matengenezo ya kwanza, ambayo huja mapema kuliko yanavyotarajiwa.

Injini ya dizeli ya ndani hula mafuta machache kwa kazi ile ile, lakini pwani ambayo maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na vyombo hukaa mchangani maji yakitoka, mhimili na panka lake linalosukuma maji huteseka; naiona inafaa kwa mashua kubwa zinazolala kwenye maji.

Chombo kilichotumika kikaguliwe maji yakiwa yametoka, si kikiwa kinaelea. Cha mbao kichomwe kwa ncha ya kisu kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na penye vichwa vya misumari, na michirizi ya kutu isomwe kama barua. Cha faiba kigongwe kwa kipini cha nyundo kila shubiri, hasa nyuma: sauti kavu ni nzima, sauti ya kufa ni maji. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mnunuzi wa chombo maneno hayo ni maelekezo ya kazi, kwa kuwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ndiko maji hukusanyika: pakaushwe mbele yako, kisha urudi baada ya usiku mmoja kikiwa kinaelea uone yameingia kiasi gani. Mwisho muombe muuzaji mtoke baharini pamoja mkiwa na viroba vya mchanga vyenye uzito wa nyavu, barafu na watu wanne, na mafuta yapimwe kwa kidumu kabla na baada. Akikubali kuonyesha mwendo chombo kikiwa kitupu tu, rudini Feri mkanywe chai, msimu haujaanza.