Kerneli Inapokataa Kujengeka kwa Sababu ya Alama Moja ya Kugawanya

Ujenzi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, kwa prosesa ya biti 32 unakaribia kwisha, faili zote zimepita salama kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kisha hatua ya kuunganisha inagoma kwa madai kwamba jina `__udivdi3` halijulikani. Aliyeandika msimbo wa hifadhi hakulitaja jina hilo popote. Aliandika tu kwamba namba ya sekta (kipande kidogo cha diski) igawanywe kwa ukubwa wa eneo (zone, yaani fungu la sekta nyingi zinazofuatana), mstari ambao kwenye mashine yake ya biti 64 ulijengeka bila hata onyo, kwa kuwa huko ugawanyaji wa aina hiyo unafanywa na prosesa yenyewe. Kwenye biti 32 uwezo huo haupo, hivyo kompaila huomba fanksheni ya msaada iliyomo katika maktaba ya GCC, na kerneli, kwa aina nyingi za prosesa, imekataa kwa makusudi kuibeba fanksheni hiyo.

Je, ukataaji huo una faida leo, au ni mtego uliobaki kwa mazoea tu? Hoja ya wanaoutetea inaeleweka. Msimbo wa hifadhi hupitiwa na kila ombi la kusoma au kuandika, na kugawanya namba ya biti 64 kwa prosesa ya biti 32 ni kazi ya hatua nyingi, kwa hiyo ni afadhali mwandishi alazimike kuitaja gharama hiyo kwa jina kuliko kuificha nyuma ya alama ndogo ya mkwaju. Tena jambo lenyewe haliepukiki. Sekta moja ni baiti 512, na namba ya biti 32 ikihesabu sekta hizo inaishia TiB 2 (takriban terabaiti 2.2), kiasi ambacho diski za kawaida zilikipita zamani. Hadi toleo la 5.2 la mwaka 2019, upana wa namba ya sekta kwenye biti 32 ulitegemea chaguo katika mipangilio, kwa hiyo msimbo uleule uliweza kujengeka kwa mtu mmoja na kukwama kwa mwingine. Tangu hapo namba hiyo ni biti 64 kila mahali, na kosa linajitokeza kwa wote wanaojenga kwa biti 32.

Upande wa pili una hoja ambayo, kwa maoni yangu, watetezi huipita haraka mno. Fanksheni iliyokataliwa ni salama: hupokea namba mbili, hurudisha jibu, na haigusi kingine. Ile ya kerneli yenyewe ambayo wengi huikimbilia badala yake, yaani `do_div`, ina tabia tatu za kushangaza: hubadilisha palepale namba iliyopewa igawanywe, hurudisha baki badala ya jibu, na namba inayogawa huikata iwe biti 32 bila kusema neno.

Tuchukue namba halisi. Diski ina maeneo ya MiB 256, yaani sekta 524,288 kila moja, na ombi linaelekea sekta ya 1,000,000. Eneo linalotafutwa ni namba 1, na baki ni 475,712. Mrekebishaji mwenye haraka anaondoa mkwaju, anaandika `eneo = do_div(sekta, ukubwa)`, ujenzi unapita, na anatuma kiraka chake, yaani badiliko la msimbo la kurekebisha kosa. Sasa `eneo` lina 475,712, namba ambayo pengine itanaswa na ukaguzi wa mipaka kwa kuwa diski haina maeneo mengi kiasi hicho. Hatari kubwa zaidi iko kwenye `sekta`, ambayo kimyakimya imekuwa 1. Mstari wowote unaofuata ukitumia `sekta` kama anwani ya kuandikia utaandika kwenye sekta ya 1, na kwenye diski yenye bloku za baiti 512 iliyogawanywa kwa mfumo wa GPT, hapo ndipo kilipo kichwa cha jedwali la sehemu za diski. Kosa lililokuwa likizuia kerneli isijengeke limegeuka kuwa kosa linaloharibu data ya mtu.

Tabia ya tatu ni adimu, lakini ina kejeli yake. Namba inayogawa ikiwa sekta 4,294,967,296, ambazo ni TiB 2 kamili, ikikatwa kuwa biti 32 inabaki sifuri. Mpaka ulioondolewa upande wa namba inayogawanywa unarudi kwa mlango wa nyuma kupitia namba inayogawa. Hata `div_u64`, fanksheni nyingine ya kerneli ambayo angalau hurudisha jibu lenyewe na kuacha namba ya kwanza kama ilivyo, hukata hivyohivyo. Penye shaka hiyo, ya kutumia ni `div64_u64`, ambayo huipokea namba inayogawa ikiwa na biti zote 64.

Hata hivyo sishawishiki kwamba kerneli ingeibeba tu fanksheni ya GCC na mjadala ukaisha, na sababu iko katika mfano huohuo. Linux hudai kwamba ukubwa wa maeneo kwenye diski zilizogawanywa kwa maeneo uwe kipeo cha mbili. Sekta 524,288 ni mbili kwa kipeo cha 19, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kugawanya kabisa: kusogeza biti 19 kulia kunatosha, kwenye prosesa yoyote. Kompaila haiwezi kulijua hilo, kwa kuwa ukubwa husomwa kutoka kwenye diski wakati mashine inafanya kazi. Anayelijua ni mtu anayeufahamu msimbo. Kama mkwaju ungejengeka kila mahali, nani angeurudia mstari huo? Msimbo wa device-mapper (sehemu ya kerneli inayojenga diski pepe juu ya diski halisi) unaotawanya data kwenye diski kadhaa unaonyesha njia nzuri: idadi ya diski ikiwa kipeo cha mbili husogeza biti, isipokuwa hivyo hugawanya.

Mbali na kuita fanksheni ya kugawanya au kusogeza biti, njia ya tatu, kuweka sharti kwamba kiendeshi (msimbo unaoendesha kifaa) kijengwe kwa biti 64 tu, ni halali pale ambapo kifaa hakiwezi kamwe kuchomekwa kwenye mashine ya biti 32. Kwingineko ni kulifagia tatizo chini ya mkeka, kwa kuwa roboti za majaribio zinazojenga kerneli kwa mipangilio ya kubahatisha zinapoteza nafasi ya kuukagua msimbo huo kwa biti 32.

Linabaki swali kama kiraka kiunganishwe na badiliko la awali lililoleta kosa au kisimame peke yake; sioni ugomvi mkubwa: kama badiliko bado halijatoka mikononi mwa msimamizi, liunganishwe, ili wanaosaka kasoro kwa `git bisect` wasikwame kwenye hatua isiyojengeka; lakini kama limeshachapishwa na wengine wamejenga juu yake, kiraka kisimame chenyewe na kilitaje badiliko lililovunja ujenzi. Ninachotaka kukiona katika maelezo yake, ambacho mara nyingi hakimo, ni sentensi moja inayosema namba inayogawa inaweza kufika ukubwa gani, na nyingine inayosema kama `sekta` inatumika tena baada ya mstari uliobadilishwa.