Mama Mwenye Njaa na Kikombe cha Mkojo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwatafsiria wakimbizi wa Kikongo hapa Marekani wanapokwenda kuomba msaada wa serikali. Siku moja nilikaa na mama mmoja aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mjane mwenye watoto wanne. Mambo yalikwenda vizuri mpaka afisa alipofika kwenye maswali ya dawa za kulevya. Nikatafsiri. Mama akajibu bila kusita: "Ndiyo, mwanangu, dawa natumia kila siku." Akafungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge vya presha na kuiweka mezani.

Nilieleza haraka, afisa akaelewa. Lakini mama alipojua alichokuwa akiulizwa hasa, uso ulimbadilika. Akaninong'oneza, "Wameona nini kwangu?" Hawakuwa wameona kitu. Aliulizwa kwa sababu hana pesa.

Sheria ya mwaka 1996, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, iliyapa majimbo ruhusa ya kuwapima dawa za kulevya wanaopokea fedha za kusaidia familia zenye watoto. Yapo majimbo yanayoanza na maswali, halafu anayetiliwa shaka ndiye anayepimwa. Florida ilivuka hapo. Mwaka 2011, chini ya Gavana Rick Scott, kila mwombaji alitakiwa kupimwa mkojo, ashukiwe asishukiwe, tena alipe kwanza mwenyewe: dola 25 hadi 45. Akikutwa safi, anarudishiwa. Familia ya watu watatu ilikuwa ikipata si zaidi ya dola 303 kwa mwezi! Mtu hana hata nauli ya basi, unamwambia akatafute dola 40 ndipo aombe fedha za kulea watoto.

Katika miezi michache kabla mahakama haijaingilia, walipimwa watu 4,046. Waliokutwa na dawa ni 108, wengi wao bangi. Jimbo likawarudishia waliokuwa safi zaidi ya dola 118,000. Na kipimo chenyewe kina upofu wake: bangi inaweza kubaki kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, lakini heroini na kokeini hutoka kwa siku chache tu, na pombe kwa saa.

Aliyekwenda mahakamani alikuwa baba mmoja wa Orlando, aliyewahi kutumikia Jeshi la Majini, mwanafunzi wa chuo kikuu, akilea mtoto mdogo na kumtunza mama yake mlemavu. Alikataa kupekuliwa pasipo kosa. Oktoba 2011 Jaji Mary Scriven akaisimamisha sheria, na Desemba 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Katiba ya Marekani inamkinga mtu na upekuzi usio na sababu, na umaskini si sababu.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Georgia nayo iliwahi kuwataka wagombea wa vyeo vya jimbo wapimwe. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikaitupa sheria hiyo, majaji 8 kwa 1. Mwanasiasa aliepushwa na kikombe cha mkojo miaka 14 kabla Florida haijamkabidhi mama mwenye njaa. Mkulima anayelipwa ruzuku haulizwi. Mwenye nyumba anayepunguziwa kodi kwa ajili ya mkopo wake haulizwi. Wote wanakula fedha ya umma.

Wapo watakaoniambia, kodi yangu isinunue unga, yaani dawa za kulevya. Nami nalipa kodi, na unga naujua: nimetoka Dar es Salaam, nimewaona vijana wa mtaani kwetu wamelala wima vijiweni. Mwaka uleule wa 2011, Florida ikigawa vikombe, hospitali ya Muhimbili ilikuwa imeanza kuwapa mateja methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, bila kuwanyima chochote kwanza. Nchi maskini kuliko Marekani ilimwona mgonjwa. Anayetaka kweli mtu aache, amfungulie mlango wa tiba, asimfungie ule wa chakula.

Msaada wa yule mama ulitoka wiki chache baadaye. Aliniomba jambo moja tu: wanawe wasijue aliulizwa nini.