Farasi wa Uffington: apaliliwe tu, au akatwe upya?

Ukimwona kutoka angani, Farasi Mweupe wa Uffington ni mistari michache tu. Kuna mgongo mmoja mrefu uliopinda toka mkiani hadi shingoni, miguu minne ambayo miwili kati yake haigusi kabisa mwili, kichwa cha pembe pembe chenye kitu kama mdomo wa ndege, na jicho moja la duara. Ana urefu wa mita 110 hivi. Amechorwa kwenye mteremko wa juu wa kilima cha White Horse, kusini mwa Uingereza. Kilima chenyewe kina mita 261 na hakuna kirefu zaidi yake katika kaunti ya Oxfordshire, ingawa hadi mwaka 1974, kabla mipaka haijasogezwa, kilikuwa mali ya Berkshire.

Tatizo lake ni dogo kulitaja na gumu kulimaliza: farasi anakonda. Majani yanatambaa kutoka pembeni, udongo unateremka na mvua, na kufikia mwaka 2023 kichwa pamoja na shingo vilikuwa vimesinyaa kuliko vinavyoonekana katika picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege. National Trust, taasisi inayomiliki eneo hilo tangu mwaka 1979, mwaka 2024 ilishirikiana na waakiolojia kupima kingo zake na kuyarudisha nyuma majani. Hapo ndipo mjadala unapoanza. Wapo wanaosema farasi asafishwe kama alivyo, basi. Wengine wanataka akatwe upya, arudishiwe umbo lake. Umbo lipi?

Kabla ya kuwasikiliza, tukitazame kilima. Kilima hiki ni cha chaki, na chaki yake si ile ya ubaoni, maana chaki nyingi za darasani siku hizi ni jasi. Hii ni chaki ya kweli: mabaki ya mwani wa chembe moja uliokuwa ukielea baharini kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, ukifa na kuzama, vigamba vyake vikirundikana chini mpaka vikawa tabaka lenye unene wa mamia ya mita. Ni jiwe laini, jeupe, lenye vinundu vya gumegume ndani yake, na linanyonya maji kama sifongo. Mvua ikinyesha haitiririki juu. Inazama, inapenya, kisha inachomoza chini ya mteremko kama chemchemi. Ndiyo maana vijiji vya Woolstone, Uffington na Kingston Lisle vimejipanga chini ya kilima: vilifuata maji.

Mabonde yaliyo upande ule nayo hayana mto. Bonde liitwalo Manger, yaani hori la kulishia, lipo chini kidogo ya farasi, na kuta zake zina mikunjo mikubwa kama shuka iliyokunjwa vibaya. Lilichongwa wakati wa baridi kali ya zama za barafu, ardhi ilipokuwa imeganda kiasi kwamba maji yalishindwa kuzama. Kando yake kuna Dragon Hill, kilima kidogo kilichosawazishwa juu, chenye kiraka kisichoota majani. Wenyeji husimulia kwamba hapo Mtakatifu George alimuua joka, na damu ilipomwagika majani yakakataa kuota tena. Juu kabisa kuna ngome ya udongo iitwayo Uffington Castle, na ukifuata njia ya kale ya Ridgeway kuelekea magharibi kwa kilomita mbili hivi unafika Wayland's Smithy, kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000.

Katikati ya haya yote ndipo alipo farasi, na wengi hudhani alichorwa kwa kubandua majani tu mpaka chaki ikaonekana. Sivyo. Ni mfereji uliochimbwa, mahali pengine ukifika kina cha karibu mita moja, kisha ukajazwa chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Yaani huyu ni jengo; amejengwa kwenda chini badala ya kwenda juu.

Umri wake ulibishaniwa kwa karne mbili na nusu. Mwaka 1738 Francis Wise, msomi wa Oxford, aliandika kwamba ni kumbukumbu ya ushindi wa Mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, dhidi ya Wadeni mwaka 871. Hadithi hiyo ilipendwa sana, kwa kuwa kila taifa hupenda mfalme wake aache alama. Mwaka 1931 mwakiolojia Stuart Piggott akasema hapana, huyu anafanana na farasi waliopo kwenye sarafu za Zama za Chuma, kwa hiyo ni mkongwe zaidi. Jibu lililowashangaza wote lilikuja miaka ya 1990, pale waakiolojia wa Oxford wakiongozwa na David Miles na Simon Palmer walipochukua udongo kutoka ndani ya mifereji. Mbinu yao ilikuwa kupima ni lini punje za mchanga zilionja mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Punje ikifukiwa hukusanya nguvu ya mionzi inayotoka ardhini kidogo kidogo. Ukiiangazia maabara huitoa kwa mwako hafifu, na mwako huo ndio saa. Saa ilionyesha kati ya mwaka 1380 na 550 kabla ya Kristo. Farasi ana karibu miaka 3,000, pengine ni mkubwa kwa umri kuliko ngome iliyo juu yake.

Umri huo ndio unaowapa nguvu wale wanaotaka akatwe upya, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kitu cha miaka 3,000 si mali ya kizazi hiki kukiachia kiharibike kwa uvivu. Jani linalotambaa sentimita moja kila mwaka halionekani kwa macho, lakini baada ya miaka 30 limekula sentimita 30 kila ukingo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zaidi ya hayo, ushahidi upo: picha za angani, vipimo vya zamani, na kingo za mfereji wenyewe chini ya majani. Anayekata kwa kufuata mfereji habuni chochote. Anafunua.

Upande wa pili unajibu hivi: mfereji upi? Farasi hakuchimbwa mara moja akaachwa. Amekuwa akisafishwa, akijazwa, akichimbwa tena, na kila mkono ulimsogeza kidogo. Chaki iliyo juu leo imelala juu ya chaki nyingine, ambayo nayo imelala juu ya nyingine. Ukiamua kurudi kwenye kingo za mwaka fulani, umechagua mwaka huo na kuwafuta waliokuja baadaye. Na nani alisema picha ya ndege ya karne ya 20 inaonyesha farasi halisi kuliko alivyokuwa mwaka 1780? Kwao, kupungua na kunenepa ni sehemu ya maisha yake, kama mtu.

Nakiri hoja hii ilinivutia mwanzoni. Ina unyenyekevu fulani. Lakini ukiisukuma mpaka mwisho inajikwaa, kwa sababu farasi huyu hajawahi hata siku moja kuishi bila kuguswa. Mwishoni mwa karne ya 11 hati za monasteri ya Abingdon zilikitaja kilima cha farasi mweupe. Katika karne ya 14, kitabu cha Kiwelisi kiitwacho Kitabu Chekundu cha Hergest kilieleza mlima wenye sura ya farasi, kikaongeza kwamba hakuna kinachoota juu yake. Kweli hakuna kilichoota, lakini si kwa muujiza: kuna watu waliokuwa waking'oa. Usipompalilia, baada ya miongo miwili mitatu anakuwa mteremko wa kawaida wenye kondoo. Kwa hiyo kufika kwake mpaka leo maana yake ni vizazi takriban mia moja vya watu walioshika majembe, wakipitia mabadiliko ya lugha, dini na watawala, bila ya mtu hata mmoja kukumbuka kazi ile ilianza kwa nini. Sababu iliyomzaa ilisahaulika. Palizi haikufa.

Katika karne ya 18 na 19 palizi hiyo ilikuwa sherehe. Kwa desturi ilisemwa ifanyike kila baada ya miaka saba. Watu wa vijijini walipanda, wakasugua, kisha wakashuka kwenye mieleka, mapigano ya fimbo, ulevi, na mbio za kukimbiza jibini lililobingirishwa kwenye kuta za Manger. Sherehe kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka 1857. Baada ya hapo shamrashamra zikafa, na mwishoni mwa karne hiyo farasi akaanza kupotea kwenye majani. Sherehe ndiyo iliyokuwa bajeti yake.

Siku hizi wanaokuja ni watu wa kujitolea, kila kiangazi. Mtu anapewa nyundo ndogo, ndoo ya mabonge ya chaki na kitu cha kuwekea magoti. Anapiga magoti ndani ya mguu wa farasi, anamwaga mabonge, anayaponda mpaka yanakuwa kama unga wa mhogo uliolowa, anashindilia, anasogea kiasi cha urefu wa mkono, anaanza tena. Akiwa pale haoni farasi. Anaona njia nyeupe yenye upana wa mita chache na mgongo wa mwenzake. Hata kutoka bondeni farasi haonekani vizuri wote kwa pamoja. Inabidi uende mbali, karibu na kijiji cha Longcot au Fernham, ndipo umbo linajitokeza.

Sasa kuna watu wenye akili ya kihasibu wanaouliza: kwa nini tusimalize kazi hii mara moja? Jibu liko kwenye michoro ya vilima vingine vya chaki. Farasi wa Westbury, kaunti ya Wiltshire, miaka ya 1950 alimwagiwa zege na kupakwa rangi nyeupe ili asisumbue tena. Akasumbua vilevile: zege hupasuka, rangi hufifia, akawa wa kijivu, na kila baada ya muda anahitaji kuoshwa. Jitu la Wilmington, mchoro wa mtu kule Sussex, lilizungushiwa matofali mwaka 1874, baadaye mabloku ya zege, na mpaka leo wataalamu hawana hakika kama miguu yake iliwekwa pale ilipokuwa. Farasi wa Osmington, kaunti ya Dorset, alimwagiwa kokoto mwaka 1989 kwa ajili ya kipindi cha televisheni; kokoto zikateleza na umbo likavurugika, ikabidi ziondolewe kwa kazi ya miaka. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kufundishwa somo hili. Ukuta wa mawe ya matumbawe, ambayo ni ndugu wa chaki kwa asili, uliozoea kupakwa chokaa, ukiupiga plasta ya saruji unazuia maji ndani na kuanza kubomoka kwa chini chini.

Jambo moja zaidi ambalo mjadala huu hulisahau: farasi hawezi kutenganishwa na majani. Mteremko ule unabaki mfupi na safi kwa sababu ya meno ya kondoo, na zamani sungura pia. Ugonjwa wa sungura ulipoingia Uingereza mwaka 1953 ukawaua kwa mamilioni, vichaka vilivamia vilima vingi vya chaki. Majani mafupi ya aina hii, yenye maua madogo na vipepeo vya buluu, yamepungua mno tangu Vita Kuu ya Pili, mengi yakilimwa. Ukibishana kuhusu sentimita kumi za shingo ya farasi huku malisho yanaachwa, unapaka rangi mlango wa nyumba inayovuja.

Kuhusu wanaomtumia kwa matangazo sitapoteza muda. Mwaka 2002 watetezi wa uwindaji walimwongezea mpanda farasi na mbwa watatu. Mwaka 2012 kampuni ya kamari ikamwekea mpanda farasi wa mashindano. Vyote viliondolewa. Wanaosimama juu ya jicho na kuzunguka mara tatu ili kuomba jambo wanaharibu zaidi, kwa sababu ni wengi na wana viatu.

Mimi nasimama na wanaokata, kwa sharti moja: wakate kwa mkono, wajaze kwa chaki, na waandike kila walichokiondoa, ili anayekuja aweze kubisha. Anayedai kwamba kutokata ni kutoingilia anasahau kwamba jani nalo linakata.

Miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, swali la kumwacha au kumkata lilijitokeza bila mtu kulipanga. Farasi alifunikwa kwa majani na matawi ili marubani wa Kijerumani wasimtumie kujua walipo. Kwa miaka kadhaa kilima kilikuwa kilima tu. Vita vilipokwisha, mwakiolojia William Francis Grimes alipewa kazi ya kumfunua. Kumfunua kulimaanisha kuutafuta tena ukingo wake chini ya majani.