Usiizime System Restore Kwenye Kompyuta Kuukuu, Ipunguze

Ushauri wa "zima System Restore, mashine itakuwa nyepesi" umekuwapo tangu enzi za Windows XP, na hadi leo watu wanapeana, hasa mtu anapolalamika kuwa kompyuta yake ya zamani imeanza kusuasua. System Restore ni huduma ya Windows inayohifadhi hali ya mfumo katika pointi za kurejesha, ili mambo yakiharibika uweze kurudi nyuma. Naupinga ushauri huo. Kwa kompyuta mpya ningeuvumilia, lakini kompyuta kuukuu ndiyo yenye draiva (programu zinazoendesha vifaa vyake) ambazo mtengenezaji alishaacha kuzitoa, na ndiyo inayoweza kulazwa na draiva moja tu isiyopatana na kadi yake ya picha. Mashine ya namna hiyo ndiyo inayoihitaji njia ya kurudi nyuma kuliko zote.

Ushauri wenyewe haukuanza bure. System Restore ilikuja na Windows Me mwaka 2000, ikaingia kwenye XP mwaka uliofuata. Kwenye XP ilikuwa ikifuatilia mafaili ya mfumo muda wote, na iliruhusiwa kuchukua hadi asilimia 12 ya diski. Diski ya GB 40 ikimegwa karibu GB 5, mtu lazima aone uchungu. Tena virusi vilikuwa vikibaki ndani ya folda ya System Volume Information, ambamo nakala zake huwekwa, kwa hiyo maelekezo ya kusafisha yalikuwa: zima kwanza, safisha, kisha washa upya. Watu wakaishika ile sehemu ya kuzima, ya kuwasha ikapotea njiani.

Tangu Windows Vista, iliyofuata XP, kazi inafanyika kwa njia nyingine. Kipande cha diski kinapotaka kuandikwa upya, Windows hukinakili kwanza kile cha zamani na kukihifadhi pembeni. Kwenye Windows 7, diski inayozidi GB 64 iliwekewa ukomo wa asilimia 5 au GB 10, kile kilicho kidogo. Gharama ipo, siikatai, lakini inalipwa kwa nafasi ya diski kuliko kwa kasi. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka (HDD) itabaki nzito hata ukizima kila kitu cha urejeshaji, kwa sababu uzito wake unatoka kwenye RAM na kwenye diski hiyo. Anayezima kwa ajili ya kasi anatoa kinga yake na hapati anachokitafuta.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nafasi, na nafasi inapimika. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika vssadmin list shadowstorage. Kwa kila diski ambayo System Restore imewashwa utaona kiasi kilichotumika, kilichotengwa na ukomo wake. Ukikuta kilichotumika ni GB 3 kwenye diski ya GB 250 iliyojaa pomoni, jua tatizo lako liko kwingine: video, folda ya Downloads, au ile Windows.old inayobaki baada ya kupandisha toleo na ambayo inaweza kuzidi GB 10. Na usishangae ukikuta hakuna kitu kabisa. Kwenye Windows 10 kinga hii mara nyingi huwa imezimwa tangu siku ya kusakinisha, na wapo wanaojadili kuizima wakati haijawahi kuwaka.

Ukiona imechukua nafasi kubwa mno, ipunguze. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda System Protection, chagua diski C, bofya Configure, kisha vuta kile kitelezi cha Max Usage kirudi nyuma. GB 3 au 4 kwa kawaida zinatosha kubakiza pointi chache za karibuni, na hizo za karibuni ndizo utakazozihitaji, kwa sababu hakuna anayetamani kurudisha mfumo wake miezi minane nyuma. Kumbuka kuwa ukichagua kuzima, pointi zote za zamani zinafutwa palepale, na ukiwasha tena kesho hazirudi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na kwangu ndilo zito zaidi. Zamani Windows ilikuwa ikijiwekea nakala ya rejista yake (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) kwenye folda ya RegBack, na fundi mwenye subira aliweza kuifufua mashine kwa nakala hiyo hata bila pointi ya kurejesha. Kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, Microsoft iliacha kuijaza folda hiyo ili kuokoa nafasi. Ukiifungua utakuta mafaili yapo, lakini ukubwa wake ni sifuri. Waliokuwa wakisema "hata nikizima, RegBack ipo" hawana tena pa kuegemea.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, sasisho zimepungua na hatari imepungua nazo. Sikubaliani. Printa mpya bado itataka draiva, na programu bado zinasakinishwa na kuondolewa.

Lakini tusiipe System Restore sifa isiyo yake. Haihifadhi picha wala nyaraka zako kama bakapu inavyofanya. Inakaa kwenye diski ileile, kwa hiyo diski ikifa inakufa nayo. Programu nyingi za kuteka mafaili kwa fidia huzifuta nakala hizi, na WannaCry ya mwaka 2017 ilifanya hivyohivyo. Mwenye diski inayogonga au kuchelewa kusoma asihangaike na vitelezi; anakili mafaili yake leo.

Nitakubali uzime pale ambapo kompyuta ina diski ya GB 32 iliyogandishwa kwenye bodi na hata sasisho la kawaida halipati pa kukaa. Hata hapo, anza na powercfg /h off, amri inayofuta faili la kulaza mashine (hibernation). Kwenye Windows 7 faili hilo huchukua asilimia 75 ya ukubwa wa RAM, yaani GB 3 kwa RAM ya GB 4. Kwenye Windows 10 amri hiyo inaondoa pia ule uwashaji wa haraka, kwa hiyo mwenye diski ya kuzunguka ataona mashine inachelewa kuwaka.

Mazingira ya uokoaji, yale yanayofunguka Windows inaposhindwa kuwaka, yaache kabisa. Januari 2024 sasisho la KB5034441 liliwagomea wengi kwa kosa 0x80070643 kwa sababu partisheni yao ya uokoaji (sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili hiyo) haikuwa na MB 250 za ziada, na baadhi wakaamua kuyazima mazingira hayo ili kosa liwaondokee machoni. Megabaiti mia chache si za kugombania.

Partisheni ya mtengenezaji, ile ya kurudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani, ni habari tofauti. Mara nyingi ina GB 10 hadi 20, na kwenye laptopu nyingi za zamani inarudisha Windows 7 ambayo msaada wake uliisha Januari 2020. Hiyo ifute ukitaka, ila tengeneza kwanza flashi au diski za uokoaji kwa programu ya mtengenezaji mwenyewe, na uzijaribu kama zinawaka. Pia angalia kwenye Disk Management imekaa wapi: kama haijapakana na C upande wa kulia, zana za Windows hazitaiunganisha nafasi hiyo na C.